Sufuria Mbili Kavu

Mvua ilipoanza kupiga bati, bibi aliweka sufuria mbili sakafuni, palepale pa siku zote. Mke wa mwanawe akaacha kufagia.

"Mama, si tuliezeka bati jipya wiki iliyopita? Halivuji tena."

"Najua," alijibu kwa mkato, wala hakuziondoa.

Miaka arobaini, kila mvua iliponyesha, yeye na marehemu mumewe walichagua kila mtu sufuria yake. Ambaye yake ilichelewa kujaa ndiye aliyekanda unga wa biskuti. Mzee yule, mjanja kama sungura, hakukanda hata siku moja.

Bibi aliketi, akasubiri. Mvua ikanyesha mpaka ikachoka, na halikudondoka hata tone. Akakunja mikono ya gauni, akavuta bakuli la unga.

"Haya, mzee," akanong'ona, "umeshinda tena."