Pacha Chini ya Kipeuo

Mwalimu Tunsume anasinzia kwenye benchi la hospitali, amepakata madaftari ya wanafunzi wake, na kalamu nyekundu imekwama kwenye swali moja: sita juu ya kipeuo cha pili cha tatu, rahisisha. Wodini amelala pacha wake, Sekela, figo zake zote mbili zimekufa, na daktari anangoja Tunsume aseme kama atampa moja. Hajasema. Anaogopa kisu. Anafumba macho kidogo tu, na benchi linakuwa barabara, barabara inaingia mji ambao kila nyumba ni ya ghorofa mbili zilizotengwa na mstari mweusi, na kila nyumba anayoipita anaikuta tena mbele yake, juu madirisha sita yanawaka, chini kuna paa zito lililoinama kama alama ya kipeuo, na chini ya paa hilo Sekela amejikunja, hawezi kusimama. Mtu asiye na uso anatembea kando yake. Mtoe, Tunsume anamwambia. Mimi siwezi, anajibu yule, aliye chini ya kipeuo hutolewa na mfano wake. Tunsume anajua. Amelifundisha hilo miaka kumi na minne, kipeuo cha pili cha tatu kikizidishwa na chenyewe hubaki tatu tupu. Na juu je? anauliza, ingawa hilo nalo analijua. Ulichozidisha chini utakizidisha na juu, anasema asiye na uso, kipeuo hakifi, mwalimu, kinahama. Usije, Tunsu, anasema Sekela, una watoto. Nyamaza wewe, anasema Tunsume, anainama, anaingia, anabana bega lake kwenye bega la pacha wake, na paa linapasuka, Sekela anasimama wima, mzima, huku Tunsume akivutwa juu ya mstari, na paa linamfuata, madirisha yanazimika moja moja, yanabaki mawili, na uzito ule unamkalia mgongoni, unampenya ubavuni, baridi.

Usijigeuze, sauti ya muuguzi inamwambia, mshono bado mbichi. Mshono gani? Tunsume hakumbuki kutia saini, hakumbuki chumba cha upasuaji. Kwenye kitanda cha pili mtu anacheka na kulia kwa pamoja. Tunsu! Tunsu, nimekojoa! Nimekojoa mwenyewe! Ni sauti ya Sekela, au inafanana nayo. Tunsume anataka kucheka, ubavu unamkataza. Anabaki kafumba macho, anaisikiliza, anaogopa kuyafumbua asije akajikuta tena kwenye benchi.