Risasi Isiyo na Kidonda

Nyirangabo alimvua mwanawe Isaro gauni, akamvua na fulana, akamgeuza kifudifudi juu ya kitanda cha kliniki na kuanza kumtafuta tundu. Alipekua kwapani, nyuma ya masikio, hata katikati ya vidole vya miguu. Nesi alibaki anamtazama, kalamu hewani. Simu ya mezani, ambamo mkalimani alikuwa amekaa raha mustarehe katika jimbo asilolitaja, ilikuwa imetoka kutamka kwa Kiswahili safi cha shuleni kwamba mtoto ana risasi kwenye damu.

"Nani alimupiga?" Nyirangabo aliiuliza simu. "Huyu alizaliwa huku huku Buffalo. Vita hajaionaka."

Simu ilikohoa. Ikaeleza kwamba kuna risasi ya bunduki na kuna risasi ya madini, ile laini ya kijivu. Hii ya mtoto ni ya madini. Imetoka kwenye bomba la maji la nyumba wanayopanga, na ikikaa mwilini inamla mtoto akili taratibu, kuongea kunachelewa, shule inakuwa ngumu. Isaro alikuwa na miaka mitatu na bado aliomba vitu kwa kidole. Kanisani walisema mtoto wa lugha nyingi ndivyo alivyo.

Bon. Basi ile risasi ya vita ya kwao Minembwe ilikuwa na adabu, Nyirangabo aliwaza akimvika mtoto. Angalau ilikuwa inapiga kelele, watu wakakimbia.

Dada yake Umurerwa, aliyeko Louisville, alimshauri kwa simu achemshe maji kama walivyokuwa wakichemsha kambini ukimbizini. Nyirangabo akachemsha. Alikuwa akirudi kutoka Lackawanna, alikokunja mashuka ya hospitali kutwa nzima, anabandika sufuria kubwa na kuyaacha maji yatokote mpaka yapungue nusu. Mtoto alikunywa maji yaliyochemka sawasawa.

Mwenye nyumba alipoombwa abadilishe bomba, alijibu kwamba nyumba ni ya zamani na ina historia, na kama hawaitaki, wako watu wa kwao wengi wanaoisubiri.

Jiji nalo lilikuwa limesikia kwamba wakimbizi wa mtaa wa West Side hawayaamini maji, likaona dawa yake ni mhadhara. Likamleta Injinia Nyamweya, Mkenya wa Columbus, anayeishi kitongoji cha Hilliard katika nyumba changa kuliko wanawe. Alisimama kanisani kwao mbele ya madhabahu na suti ya buluu, akafungua chupa yake ya maji ya dukani, akanywa, akawasha picha za Roma.

Alisema mengi, na kwa kweli alijua kusema. Matao ya mawe yalivyobeba maji kutoka vilimani. Bila maji hayo, Roma ingebaki kijiji cha tope na mbu. Pale maji yalipofika, mji ulifuata. Bomba la kuingia nyumbani kwako lilikuwa zawadi ya mfalme, na majina ya wakubwa yalipigwa chapa juu yake. Wengine wote walibeba ndoo. Watu walitafuna sambusa na kutikisa vichwa.

Nyirangabo alisimama. "Injinia, minaomba kuuliza. Hayo mabomba ya hao Waroma ilikuwa ya nini?"

"Risasi, mama. Teknolojia ya juu kabisa kwa wakati ule."

"Na walijuaka ni sumu?"

"Wengine walijua. Hata waliandika kwamba bomba la udongo ni salama zaidi."

"Donc, mbona hawakuacha?"

"Risasi ni laini, mama. Inapindika vizuri."

"Na watoto yao?"

Nyamweya alitabasamu kwa upole wa mtu aliyelipiwa hoteli. "Mji ulikua, mama."

Mchungaji alianza kupiga makofi, na kanisa zima likamfuata.

Nyirangabo hakukaa. Alisema yeye anachemsha. Injinia akacheka, akamweleza kwamba mvuke unachukua maji tu, risasi inabaki sufuriani. "Hapo unamkolezea mchuzi." Kanisa likacheka. Nyirangabo naye akacheka kidogo, kwa heshima ya mgeni. Kisha akauliza kama jiji litamtolea lile bomba. Akaambiwa bomba lina wenyewe wawili: kutoka barabarani hadi ukingo wa ua ni la jiji, kutoka hapo hadi kwenye robineti ya jikoni ni la mwenye nyumba. Jiji litabadilisha lake.

Na kweli mafundi wa jiji walikuja. Walichimba mtaro, wakang'oa bomba la kijivu hadi ukingoni, wakaweka la shaba linalong'aa kama pete ya harusi, wakaliunga na lile la kijivu linaloendelea hadi jikoni. Nyamweya alikuja kupigwa picha. Kabla ya kupanda gari alimwambia Nyirangabo kwamba, kwa kuwa bomba limetikiswa, kwa muda risasi itaongezeka kidogo. Ni kawaida.

Wakafukia, wakamwaga mbegu za nyasi. Msimamizi wao akamwagiza Nyirangabo azimwagilie asubuhi na jioni, maana jiji lina sheria kuhusu ua usio na nyasi.

Nyasi ziliota vizuri, majirani wakazisifia. Kila jioni Nyirangabo husimama uani, mkono mmoja umeshika mpira wa maji. Isaro, aliyelowa na mwenye kiu, hucheka na kuurukia, na mkono wa pili wa mama humziba mdomo.