Panzi Anakunywa Maji

Mtaa mzima wa Kanyenye ulikwisha kuhukumu kabla fundi Ambrosi hajashika hata spana. Mfaume, dereva wa Bwana Hilali, alikuwa kobe. Ndivyo wanavyoitwa wale wanaojifanya wamefunga Ramadhani huku mchana wanajificha na kula, na jina hilo likishakunasa, basi tena, hata salamu yako watu wanaipokea kwa kuangalia pembeni. Walisema Mfaume alishindwa na kiu njiani akanywa maji ya gari. Kopo zima la galoni! Tumbo gani hilo? Lakini nani alikuwa na haja ya kuuliza? Maji hayakuwapo, dereva alikuwapo, na binti wa watu alikuwa amekwisha kuzikwa.

Binti mwenyewe ni Zeyana, mtoto pekee wa Bwana Hilali, mwenye duka la nguo karibu na soko. Alikuwa na mimba ya miezi saba, akaenda Kigwa kumtembelea shangazi yake. Siku ya ishirini na mbili ya mfungo damu ikaanza kumtoka. Treni ilikuwa imepita alfajiri. Bwana Hilali akamtuma Mfaume mbio na gari la nyumbani, lile dogo la kijani alilouziwa na Mzungu mmoja wakati wa vita, gari la mashindano la zamani lenye pua ndefu na viti viwili tu. Kwa rangi yake na jinsi lilivyorukaruka barabarani, Tabora nzima ilikuwa ikiliita Panzi.

Viti viwili, basi. Shangazi mtu alitaka kusindikiza akakosa pa kukaa, akabaki mlangoni analia. Wakarudi wawili, dereva na mgonjwa, kwa njia ile ya zamani ya misafara, mchanga na pori mkono huu na huu. Katikati ya pori Panzi akachemsha, akazima, asiwake tena. Mfaume akambeba Zeyana mikononi mpaka alipokutana na mkokoteni wa ng'ombe. Walipofika mjini mkokoteni ulikuwa umebeba maiti. Nani aliyeona maji yalikokwenda? Mfaume na Zeyana, na mmoja wao hasemi tena.

Siku ya tatu baada ya mazishi, Panzi akakokotwa na ng'ombe mpaka chini ya mabati ya Ambrosi. Bwana Hilali alikuja nyuma yake kwa miguu, kanzu imechafuka vumbi mpaka magotini, mtu ambaye zamani hata kola yake haikuwa na kunyanzi.

"Shikamoo, Bwana Hilali. Poleni sana kwa msiba."

"Marahaba, fundi. Tumekwisha kupoa." Alisema hivyo kwa sababu ndivyo inavyojibiwa. Hakuwa amepoa hata kidogo. "Lifungue hilo gari. Kama ni zima, Mfaume aliniulia mwanangu kwa kiu yake, na kesho nitakwenda kusema hivyo polisi. Kama lina kasoro, niambie. Wewe ulikuwa fundi jeshini, neno lako nitalishika."

Akaondoka. Ambrosi akabaki amesimama na kitambaa cha mafuta mkononi, maana kuna jambo alilolijua yeye na Mfaume peke yao.

Siku ya tatu ya mfungo huohuo, Mfaume alikuja hapa hapa. Ambrosi alikuwa chini ya lori la asali na nta, miguu tu inaonekana, mwenye lori anamhimiza. Mfaume akachuchumaa kando.

"Fundi, Panzi anakunywa maji. Kila asubuhi namjaza, jioni amepungua vidole vinne. Na chini havuji."

Ambrosi alitoa kichwa, akatazama chini ya Panzi, akapapasa udongo kwa kiganja. Mkavu. Akacheka. "Loo! Nyinyi nyote mmefunga, yeye anakunywa mchana? Basi kobe huyo Panzi wenu!"

Mfaume naye alicheka mpaka akashika mbavu, licha ya mfungo na midomo yake mikavu. Halafu akauliza kwa upole, "Sasa nifanyeje?"

"Mwongeze maji tu. Gari likizeeka ndivyo lilivyo." Na kichwa kikarudi chini ya lori.

Ndiyo hayo tu. Utani wa Mkristo na Mwislamu waliozoeana miaka, nani angeuona ubaya wake? Ila Ambrosi alikuwa akijua. Hapo ndipo palipomchoma. Alijua tangu vitani Burma kwamba gari linalopoteza maji bila tone chini haliponi kwa kuongezwa maji, kwa kuwa maji hayo yanapotelea ndani. Alijua, akaona uvivu.

Akaanza kazi. Alitandika magunia makavu chini ya injini, akaijaza rejeta mpaka shingoni, akapima kwa kijiti na kukata alama. Akapitisha vidole kwenye mipira ya maji, mmoja mmoja, akitafuta unyevu, na rohoni akiomba aupate. Mpira uliopasuka ungekuwa neema. Ungekuwa umepasuka siku ile, kwa bahati mbaya, bila lawama ya mtu. Mipira yote ilikuwa mikavu.

Akaacha saa moja ipite. Pelagia, mkewe, akamletea uji. Hakuunywa. Alipochovya kijiti tena, maji yalikuwa yameshuka vidole vinne chini ya alama. Vinne kamili, kama alivyoambiwa, ila sasa kwa saa moja tu. Magunia hayakuwa na hata doa.

Akavuta kijiti cha oili. Oili ilitoka nyeupe, nzito, kama chai iliyozidiwa maziwa. Akafungua plagi nne akazipanga juu ya benchi. Tatu zilikuwa na masizi. Ya pili ilikuwa safi, imeoshwa, utadhani imetoka dukani asubuhi ile. Ambrosi akaitazama akasema kwa sauti, "Yesu na Maria," akashika mtarimbo wa kuwashia akauzungusha kwa nguvu mara moja.

Maji yakaruka kutoka tundu la silinda ya pili, yakampiga kifuani.

Hayo ndiyo maji ambayo Kanyenye ilisema yamo tumboni mwa Mfaume. Ambrosi alisimama, shati limemganda, akashindwa kujifuta.

Jioni ilipokaribia alikuwa amekwisha kuinua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini. Gasketi, lile bamba jembamba linalokaa kati ya hedi na injini ili maji na moto visikutane, ilikuwa imelika kati ya njia ya maji na silinda ya pili. Tena haikulika juzi. Pengo lilikuwa na kutu, na kando ya kutu chaki nyeupe ya maji yaliyopita hapo siku baada ya siku, wiki baada ya wiki. Fundi yeyote angeisoma.

Na ilikuwa kiganjani mwake. Moto wa Pelagia ulikuwa hatua kumi. Akaitupe, aseme amekuta imekatika vipandevipande. Au aseme iliungua siku ileile, kazi ya Mungu, mtu asilaumiwe. Mfaume atapona, na yeye atapona. Ambrosi aliipenda sana njia hii ya pili. Aliibeba kichwani njiani kote hadi dukani kwa Bwana Hilali, akiipangia maneno, gasketi imefungwa kwenye kitambaa.

Bwana Hilali alikuwa amekaa peke yake nyuma ya meza ya duka lililofungwa nusu.

"Gari lina kasoro," Ambrosi akasema. "Gasketi ya hedi. Maji yalikuwa yanaingia ndani ya injini, bwana, yanatoka na moshi. Mfaume hakuyanywa."

Bwana Hilali akafunua kitambaa akalitazama lile bamba bila kuligusa. "Iliungua siku ile?"

Ambrosi akafungua mdomo. Neno "ndiyo" lilikuwa ulimini.

"Maana kama iliungua siku ile," mzee akaendelea taratibu, "basi iliunguzwa na ukavu. Na ukavu ulitoka wapi? Nimeuliza madereva, nimeambiwa gari likikosa maji ndipo linapounguza hicho. Alikunywa maji kwanza, ndipo ikaungua. Sivyo, fundi?"

Hapo njia ikakatika. Ambrosi akaona kwamba nusu ya ukweli itamfunga Mfaume kamba zaidi kuliko uwongo mtupu. Ama aseme yote, ama anyamaze na kesho dereva apelekwe polisi.

"Haikuungua siku ile. Tazama kutu hii, bwana. Tazama chaki. Ni ya wiki tatu au zaidi." Akaonyesha kwa kidole. "Na Mfaume aliniletea. Siku ya tatu ya mfungo. Aliniambia Panzi anakunywa maji na chini havuji. Ningefungua siku ile ningeiona. Sikufungua."

Nje mtu alipita na baiskeli akipiga kengele.

"Ulimjibu nini?"

"Bwana, ni maneno ya utani tu..."

"Nimekuuliza ulimjibu nini."

"Nilisema nyote mmefunga, Panzi anakunywa mchana." Akamalizia. "Nikasema Panzi kobe."

Bwana Hilali akainamisha kichwa. Alipokiinua, macho yake hayakuwa na hasira, na Ambrosi angetoa chochote yawe na hasira.

"Kumbe ni wewe," akasema. "Mfaume alikuja na utani huo nyumbani. Zeyana alicheka mpaka akaniomba nimzuie, tumbo linamuuma kwa kucheka. Wiki nzima akawa anamwita Panzi hivyo. Kobe amekunywa? Kobe ameshiba? Hata siku anakwenda Kigwa alimpiga Panzi kofi la pua akamwambia, kobe, usinitie aibu njiani."

Akajifunika uso kwa kilemba, akalia kwa sauti, mtu mzima, katika duka lake. Ambrosi hakujua aondoke au akae. Akakaa.

Baadaye walitoka pamoja bila kuambizana pa kwenda wala kupatana. Mfaume alikuwa kibarazani kwake, chumba cha kupanga upande wa pili wa soko, na majirani wote walikuwa wamehamisha mikeka yao mbali na mlango wake. Mbele yake palikuwa na tende tatu na kikombe cha maji. Adhana ya magharibi ilikuwa bado. Watu walipomwona Bwana Hilali anakwenda kwa kobe wakaanza kusogea, shingo mbele, wakitegemea fujo.

Bwana Hilali akasimama mbele ya mkeka na kusema kwa sauti ya kufika soko zima: "Mfaume hakunywa maji. Gari lilikuwa bovu. Fundi ameona. Mimi nimemdhulumu, na kila aliyemwita jina amemdhulumu." Halafu kwa sauti ndogo, "Nisamehe, mwanangu."

Mfaume hakuinuka. Alikuwa amekonda, mashavu yamemwingia, na mikono yake ilikuwa bado na michubuko ya kumbeba mtu njia ndefu. "Nilimjaza Panzi mara tatu," akasema. "Kikombe cha mwisho nilimtilia Bibi Zeyana mdomoni. Nilikwambia hivyo, bwana. Siku ileile nilikwambia."

"Uliniambia."

Adhana ikaanza. Mfaume akachukua tende, akala, akanyanyua kikombe akanywa polepole mbele ya wote. Alipokiweka chini akamgeukia Ambrosi, ambaye mpaka hapo hakuwa amethubutu kumtazama.

"Fundi, kuitengeneza ile ingechukua siku ngapi?"

Ambrosi alitamani aseme mwezi. Alitamani aseme gasketi haipatikani, mpaka iagizwe Dar es Salaam, mpaka iagizwe Ulaya. Lakini Tabora ina wafua shaba wenye mabamba, na alikwisha kukata gasketi za namna ile kwa mkono wake mara nyingi tu.

"Siku mbili," akasema.

"Siku mbili," Mfaume akarudia. Akaanza kuhesabu kwa vidole siku za mfungo, tangu ile ya tatu, akaacha, akachukua birika akaenda kutawadha.