Herini Ambazo Sikuwahi Kuvaa

Mume wangu Momanyi alinikuta jikoni nikijikuna kiunoni kwa mwiko. Akauliza kama siku hiyo tungekula ugali au ngozi yangu. Nilicheka, kisha nikalia, kwa maana nilipokuwa nikijikuna ndipo kilipolala kidude changu.

Kilikuwa kidude cha betri. Madaktari wa Nairobi walikipachika chini ya ngozi, nyaya zake zikapanda hadi kwenye uti wa mgongo kutuliza maumivu. Tangu nianguke kutoka kwenye lori la ndizi pale Rangwe, nilikuwa nikiimba kwaya nimeketi kwenye kiti cha plastiki alichonibebea Momanyi kila Sabato. Kidude kilinisimamisha, nikajiona msichana tena. Sasa ngozi juu yake ilikuwa imevimba na kujaa vipele. Niliogopa sana. Wakikitoa, narudi kitini.

Daktari Roseline wa Homa Bay, aliyenituma Nairobi, alinipima na hakuona usaha wala homa. Akarudia swali aliloniuliza kabla ya upasuaji.

“Mama Bochaberi, si uliniambia herini hazijawahi kukuwasha?”

“Hazijawahi, daktari.”

“Ulikuwa unavaa za aina gani?”

“Mimi ni Msabato,” nikamwambia. “Nitavaaje herini?”

Alivua miwani, akalaza kichwa mezani akicheka mpaka muuguzi akaja kuchungulia. Kanisani kwetu hatujipambi. Masikio yangu hayajatobolewa, hata pete ya ndoa sina, na swali lile nilikuwa nimelijibu kwa fahari kama mtu aliyesifiwa. Wakanibandika vipande vya madini mgongoni. Walipovibandua, ngozi chini ya kimoja, cha chuma kile kile cha kidude changu, ilikuwa imeumuka kama andazi. Kumbe mimi na chuma hicho hatupatani, ila hatukuwahi kukutana.

Walikitoa. Makambi ya kanisa, mikutano yetu mikubwa ya kila mwaka, yalinipita nikiwa kitandani, maumivu yamerudi na jamaa zake wote. Jeraha lilipopona waliniwekea kingine, kilichovishwa utando ili chuma kisiguse mwili. Hicho hakijaniwasha hadi leo.

Makambi yaliyofuata, kwaya yetu ilipoitwa baada ya ile ya Migori, Momanyi alikuja mbele na kiti chake. Mazoea yana taabu. Nilisimama kando ya kiti, ubeti wa kwanza, wa pili, hadi wa mwisho. Nilipogeuka kumtazama, alikuwa amekikalia mwenyewe mbele ya kanisa zima, akifuta macho kwa tai yake ya Sabato.