Kifaa Namba Arobaini na Saba

Nyumbani kwao walimwita Dokta Bado. Lilianza kama utani wa shangazi yake mdogo, mwaka wa tatu wa masomo yake ya uzamivu, yale ya kupata jina la Dokta, na kufikia mwaka wa saba watoto waliozaliwa hapo katikati walidhani ndilo jina lake halisi. Yeye alicheka nao, lakini kwa meno tu. Kilichomkwamisha kilikuwa kidonge cheusi, ukubwa wa kifungo cha koti, ambacho sumaku haikutaka hata kukitazama.

Kidonge chenyewe kilikuwa oksidi ya metali tatu. Unachukua unga wa kila metali, unausaga pamoja kwenye kinu cha jiwe kinachoenea kiganjani, unaukandamiza uwe kidonge, unakichoma kwenye tanuri kwa nyuzi elfu moja na mia mbili. Mambo yakienda vizuri, atomi zinajipanga ndani ya fuwele kwa zamu, chuma kiti hiki, molibdeni kiti kinachofuata, na usumaku unazuka wenyewe. Yakienda vibaya, zinajikusanya mafungumafungu kama wageni wa harusi, wa bwana harusi huku, wa bibi harusi kule, hakuna anayesalimia mwenzake, na unaambulia kokoto. Dokta Bado alikuwa na kokoto mia mbili na kumi na moja. Kila moja ilikuwa na kichupa chake na tarehe yake.

Ndipo mama yake alipokuja kumtembelea kwa wiki moja. Siku ya kwanza Mama alishinda nyumbani akitazamana na jokofu. Siku ya pili alichukua mkoba wake, akamfuata binti kazini, akaketi kwenye stuli kando ya tanuri, kwa kuwa joto lake liliyafaa magoti yake. Aliambiwa asiguse kitu chochote. Akaitikia vizuri sana, na baada ya dakika tano alikuwa ameshika kinu.

"Lete hapa," alisema. "Wewe husagi, unabembeleza."

Dokta Bado alikuwa na ripoti ya kumaliza kwenye kompyuta. Akamwachia, walau apate utulivu. Kidonge kilipotoka tanurini kesho yake na kupoa, alikisogeza karibu na ile sumaku ndogo iliyoning'inia kwa uzi, kama alivyofanya mara mia mbili na kumi na moja, bila matumaini yoyote. Sumaku iliruka, ikakidaka kidonge, tak, ikaking'ang'ania. Dokta Bado alikaa chini sakafuni, akalia kwa furaha kama mtoto aliyerudishiwa kiatu.

Mwalimu wake, Profesa, hakulia. Alikuwa mtu makini kupita kiasi, wa kupima kikombe cha chai kabla ya kunywa. Alimvua Mama pete, isije ikawa inachubuka na kuingia kwenye unga. Sumaku ikaruka. Akamvalisha glavu. Ikaruka. Akamwambia asage kwa mkono wa kushoto, akamgeuza atazame ukuta, akamkataza kuimba, akabadilisha kinu, akabadilisha hata stuli. Ikaruka, ikaruka, ikaruka. Binti aliposaga yeye, kwa zile dakika kumi zilizoandikwa kwenye daftari la maabara tangu enzi za mwanafunzi aliyemtangulia, kokoto. Na kila Mama aliposaga, Dokta Bado alikuwa palepale mezani pake, kichwa kimezama kwenye kompyuta.

"Hakuna namna," Profesa alihitimisha. "Mama ni kifaa."

"Kifaa gani tena, mwalimu?" Mama aliuliza.

"Kifaa cha maabara, mama yangu. Ni heshima hiyo."

Kifaa kisichosajiliwa hakikuruhusiwa kutajwa kwenye tasnifu, kwa hiyo Dokta Bado alijaza fomu. Aliijaza yeye mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri. Jina la kifaa: Mama. Mahali: chumba cha tanuri, kisihamishwe bila kibali. Penye hali ya kifaa wakati wa kupokelewa akaandika "nzuri" bila kuinua macho. Stika ya kijani yenye namba arobaini na saba ikabandikwa kifuani mwa Mama. Mizani ilikuwa namba arobaini na sita, na Mama akaifuata kwenye orodha. Ile wiki moja ikawa tano, maana kila alipotaja kurudi kwake aliambiwa kibali hakijatoka.

Sifa zake zikaenea. Mlangoni ikatundikwa ratiba, na watu wa maabara ya jirani, waliokuwa wakitengeneza oksidi yao, wakamwomba kwa robo saa. Mama aliwasagia robo saa kamili, wakamtoa, wakashukuru, wakachoma. Wakapata kokoto. Wakaandika barua ya malalamiko kwamba kifaa ni kibovu, wakatoa nakala tatu, na nakala ya tatu ikamleta mkaguzi wa vifaa, mtu mwembamba mwenye bunda la stika za rangi mbili.

"Mara ya mwisho kilihakikiwa lini?" alimwuliza Dokta Bado.

"Huyu hapa, muulize mwenyewe."

"Mimi siongei na vifaa."

"Basi na mimi siongei na wewe," Mama alisema.

Mkaguzi akabandua stika ya kijani kwa adabu, akabandika nyekundu: HAKIRUHUSIWI KUTUMIKA. Foleni ya uhakiki, alisema, ni miezi minne.

Hapo Dokta Bado akatazama kalenda. Mtahini kutoka nje alikuwa anakuja baada ya siku tatu, na vidonge vyote vilivyoruka vilikuwa vimesagwa na kifaa ambacho sasa kimefungiwa. Havikuhesabika tena. Alitakiwa aonyeshe kidonge kipya, kilichosagwa kwa mkono wake. Asipokionyesha, safari imeishia hapo. Mwaka wa nane haukuwepo kwenye kanuni. Siku ileile akasaga, akachoma. Kesho yake akatoa kokoto nyingine. Tanuri lilikuwa na nafasi ya kuchoma mara moja tu kabla mtahini hajafika.

"Nimuulize Mama tu, nayo ni kumtumia?" alimpigia mkaguzi simu.

Zikasikika kurasa zikifunuliwa upande wa pili. "Sauti si matumizi," alijibu hatimaye. "Ilimradi kisiguse kitu."

Basi Dokta Bado akavuta stuli ya pili, akaketi mbele ya mama yake, kinu mapajani. Ilikuwa mara ya kwanza katika wiki tano kuketi wakitazamana.

"Mama, nisaidie. Ukisaga unafanya nini?"

"Nasaga."

"Unasaga mpaka lini?"

"Mpaka umalize."

"Nimalize nini?"

"Hiyo kazi yako ya kwenye kompyuta. Ukiifunga najua sasa tunakwenda nyumbani, naweka mchi chini. Nifanye nini kingine? Nilikuja kukuona wewe, nami nakusubiri."

Dokta Bado alihesabu kichwani. Ripoti zake hazikuwahi kuchukua chini ya saa tatu. Saa tatu! Wasomi wazima walikuwa wamepima pete, glavu, mkono, ukuta na wimbo, na hakuna hata mmoja aliyetazama saa ya ukutani. Aibu ilimpanda mpaka masikioni.

Akaanza kusaga. Baada ya dakika kumi mkono ulitaka kusimama wenyewe, kwa mazoea. Mama, aliyekuwa ameifumbata mikono yake ili isije ikavunja kanuni, akamtazama kwa ukali. Binti akaendelea. Na kwa kuwa sauti si matumizi, Mama akaanza kumpa habari za nyumbani. Jirani ameuza mbuzi wake mkorofi na mnunuzi amemrudisha. Shangazi mdogo amegombana na fundi bomba mpaka fundi akakimbia na kuacha spana. Dokta Bado alicheka, safari hii si kwa meno tu, na unga mwekundu na mweupe ukaanza kuwa rangi moja. Saa ya kwanza ikapita, bega likawaka moto. Saa ya pili ikapita.

"Halafu ile kliniki ya macho wamehamia ghorofa ya juu," Mama alisema. "Ngazi zile na magoti haya, nilikoma."

"Kliniki ya macho ulifuata nini?"

"Jicho si hili la kushoto? Limezima tangu mwaka jana."

Mchi ukasimama. "Mama! Mbona hukuniambia?"

"Nilikwambia. Kwa simu mara mbili, na hapa mara moja, ukiwa unaandika. Ukasema 'vizuri, Mama.' Saga, usisimame, utaharibu."

Dokta Bado akasaga. Machozi yalimtoka, naye akayazuia kwa mkono wa koti yasidondoke kwenye unga, kwani hata majuto yana chumvi na chumvi ingeharibu kila kitu. Alisaga mpaka saa tatu zikatimia, akaongeza nusu saa bila kuombwa na mtu, akiuliza, na safari hii akisubiri jibu: daktari alisema nini, jicho la kulia likoje, nani anakushika mkono barabarani.

Mtahini alikuja na sumaku yake mwenyewe mfukoni. Iliruka. Akaijaribu mara tatu, akachungulia picha ya eksirei, akakuta atomi zimekaa kwa zamu kama zilivyotakiwa, akauliza swali moja: siri ilikuwa nini?

"Tulikuwa tunasaga dakika kumi," Dokta Bado alijibu. "Inataka saa tatu. Mama yangu alijua, sisi hatukumuuliza."

Mtahini akapeana naye mkono, akamwita Dokta, bila lile la pili.

Kulibaki jambo moja. Kifaa namba arobaini na saba hakikuweza kutoka getini bila fomu ya kuhamisha. Dokta akakaa kuijaza, Mama kasimama nyuma yake na mkoba begani, stika nyekundu bado kifuani. Kutoka: chumba cha tanuri. Kwenda: nyumbani. Alipofika penye hali ya kifaa, fomu ya zamani ilikuwa imeambatishwa, na lile "nzuri" lake likimkodolea macho kwa mwandiko mzuri. Akalikata kwa mstari. Juu yake akaandika: "Jicho la kushoto halioni. Aliyempokea hakuuliza."

Akamsomea Mama kwa sauti, maana hakutaka tena kudhani kwamba anaona.

Mama akafikiri kidogo. "Andika na magoti," alisema.