Idhini ya Rula

Kaka mtu walimwita Rula, kwa sababu tangu utotoni hakuweza kuchora mstari ulionyooka hata kwa kushikwa mkono. Huyo ndiye aliyeanzisha maktaba ya michoro na dada yake. Si maktaba ya vitabu. Ni msimbo ambao watengenezaji wa programu huuchukua bure, ili duara lichorwe vilevile kwenye tovuti na kwenye simu ya kila aina, na likikuzwa lisipoteze umbo. Dada alishika upande wa tovuti, Rula upande wa simu. Sharti lao lilikuwa moja: badiliko haliingii bila idhini ya mwenzako. Waliliandika ndani ya msimbo wenyewe, maana dada ana haraka, na haraka yake iliwahi kuwaponza.

Kisha wakagombana. Kwenye ukurasa wa majadiliano, mbele ya watumiaji wote, dada aliandika kwamba kazi ya Rula ni ya kubahatisha. Ulimi hauna mfupa. Vidole vina mifupa, lakini siku ile navyo viliteleza. Rula hakujibu, na huu ni mwaka wa pili. Humpigia mama simu kila Jumapili. Dada hukaa chumba cha pili, mlango wazi, akisikiliza sauti tu.

Ndipo mkunga mmoja, anayetumia programu ya kliniki iliyojengwa kwa msimbo wao, akaandika: "Mstari wa ukuaji wa watoto unakatika kwenye simu. Leo mzazi kaniuliza mwanawe amepatwa na nini." Dada alimaliza marekebisho asubuhi moja. Yakakaa siku tisa, yakingoja idhini ya Rula.

"Si umpigie?" mama alisema, akikunja nguo kando ya kompyuta.

"Yeye ndiye mkubwa, mama. Aanze yeye."

"Haya. Tumbo moja, ukaidi mmoja."

Siku ya kumi, saa nne asubuhi, dada aliandika badiliko jingine, la mstari mmoja tu: kulifuta jina la Rula kwenye orodha ya watoa idhini. Nalo, kwa sharti lao, lilihitaji idhini ya Rula. Huo ndio mtego wenyewe. Anamjua kaka yake: ukiligusa jina lake anawaka. Atakataa, atamshushia matusi aya tatu, na akishapoa atamuuliza u hali gani. Dada aliyatamani hata hayo matusi.

Jibu lilikuja baada ya dakika nne. Alama ya kijani: Rula amekubali. Hakuandika hata neno moja. Dakika nne tu. Kumbe muda wote alikuwapo, akisoma.

Mama aliuona uso wa binti yake. "Kasema nini?"

"Amekubali."

"Si ndicho ulichoomba?"

Mkunga alikuwa anangoja, kwa hiyo dada akabonyeza kitufe, jina la Rula likafutika, na marekebisho yakaingia bila kumuuliza mtu. Akachukua simu ya mama kuyajaribu. Mstari wa mtoto ulipanda kutoka mwezi wa kwanza hadi wa kumi na mbili, haukukatika popote. Akautazama, kisha akamrudishia mama simu.

"Nilitaka akatae, mama," alisema, na mama akaziacha nguo.