Bomba la Kutema

Jumamosi saa nne asubuhi Bupe alikataa filta mbili kabla hajaikubali ya tatu. Ya kwanza, ya mshumaa wa kauri, ilichuja taratibu mno. Ya pili iliondoa harufu tu.

"Mie sitafuti maji yanayonukia vizuri," alimwambia muuzaji. "Natafuta maji yasiyoua."

Akachukua ile yenye utando, inayogawa maji mafungu mawili: safi yanakwenda kwenye bomba dogo la sinki, mabaya yanatemwa nje kwa bomba lake.

Binti yake Tupokigwe, mwenye miaka tisa, alikuwa ametoka hospitali kwa homa ya matumbo, ya tatu mwaka huo. Daktari hakuzungusha maneno: ikirudi ya nne, utumbo hautahimili. Bupe alikuwa anachemsha maji kila siku, lakini anatoka kwenda kazini alfajiri, na mtoto mwenye kiu hasubiri sufuria ipoe.

Nyumba yao iko upande wa Kimbiji, kwenye viwanja vipya. Nyumba zote saba za hapo zinatumia kisima kimoja, cha Mzee Mwishehe aliyewauzia viwanja. Koki ya kila nyumba imo ndani ya kibanda chake, na ufunguo wa kibanda anauvaa shingoni.

Fundi Nikodemu alifunga mtambo mpaka adhuhuri. Alipoufungua, maji safi yakaanza kudondoka, na kwenye bomba la kutema mtu akasema, "Hodi."

Bupe alikuwa anasuuza vikombe. "Karibu," akajibu bila kugeuka, kama anavyojibu siku zote.

Hapo ndipo alipokosea. Mtu akishakaribishwa harudishwi.

Bibi mmoja mwembamba akatoka kwenye bomba, khanga zimelowa, akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa.

"Shikamoo, bibi," Bupe akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mie Tabu binti Sadallah. Nililazwa hapo penye kisima. Greda la Mwishehe likapita juu yetu."

Nikodemu akakagua viungio vyote. "Mtambo hauna tatizo, mama. Chini kuna makaburi. Zamani mlikuwa mnawanywa, sasa wanatemwa."

"Nikiliziba hilo bomba?"

"Utando unapasuka, maji yanapita kama yalivyo."

Bupe akaenda kumtafutia bibi taulo.

Hadi Jumatano walikuwa kumi na mmoja, na kila mmoja alipiga hodi kwanza. Walikaa barazani kwa mistari, hawali wala hawachafui. Tupokigwe aliwaamkia mmoja mmoja kabla ya kwenda shule, akawa anachelewa kuhesabiwa namba ya asubuhi. Lakini ulimi wake, uliokuwa mweupe kwa homa, ulitakata, na jioni aliomba kuongezewa ugali.

Alhamisi alikuja Mzee Mwishehe. Akasimama kwenye ngazi, akawatazama.

"Shikamooni," akasema.

"We Mwishehe," Bibi Tabu akamjibu, "si ulishika jeneza langu wewe?"

"Nyie mlihamishwa, bi mkubwa. Imo kwenye karatasi, na mhuri upo."

"Tulihamishiwa wapi?"

Mwishehe akamgeukia Bupe. "Mama Tupo, ng'oa mtambo. Wakinywewa hawana neno na mtu. Usipong'oa, nafunga koki yako leo hii."

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Gari la maji lisingeweza kuingia njia ile hata kwa kusukumwa. Ndani, Tupokigwe alikuwa anajimiminia maji, na Bupe akaisikia glasi ikijaa.

"Unachoogopa hasa nini, mzee?"

"Majirani. Na Jumamosi naleta watu kuona viwanja vya nyuma."

"Basi wahamie uani, ukuta utawaficha. Mie simwambii mtu. Wewe usiguse koki yangu."

"Hata Naima wa hapo jirani?"

"Nimesema simwambii mtu. Naima si mtu?"

Wakapeana mikono. Marehemu wakanyanyuka bila ubishi, wakazunguka nyumba kuelekea uani. Bibi Tabu alikuwa wa mwisho. Alimtazama Bupe usoni, kisha akawafuata wenzake.

Mwezi ukaisha bila homa. Mwishehe aliuza viwanja vya nyuma, akachimba kisima cha pili.

Jumapili moja asubuhi Bupe alikuwa anaanika nguo uani.

"Mume wangu Talha mpaka leo hajatoka," Bibi Tabu akasema. "Alilazwa kushoto kwangu. Labda ameshika njia ya bomba la jirani."

Naima akachungulia juu ya ukuta, glasi ya maji mkononi. Marehemu walikuwa wameegemea ukuta upande wa ndani, chini ya kidevu chake, asiwaone.

"Mama Tupo! Mwanao kanawiri jamani. Wangu tangu juzi tumbo tu. Huyo unampa nini?"

Bupe alishika shati la sare, likimchuruzikia miguuni.

"Maziwa," akasema.

"Haya, wenye ng'ombe!" Naima akacheka, akainua glasi, akanywa yote.

Bibi Tabu alitega sikio mpaka koo lilipomaliza kumeza.

"Ndiye Talha huyo," akanong'ona.

Bupe akalitundika shati, akalibana kwa vibanio viwili.